Vazi la Karamu Baharini

Aprili 1912, abiria wa daraja la kwanza wa meli Titanic walifungasha makoti mazito kwa baridi ya Atlantiki, na suti nyeusi na gauni za hariri kwa chakula cha jioni. Usiku wa tarehe 14 meli ikagonga mlima wa barafu. Mhudumu Henry Etches alisimulia kwamba alimvisha tajiri Benjamin Guggenheim sweta zito. Baadaye akamkuta amelivua, yeye na mtumishi wake Victor Giglio wamevaa mavazi ya karamu, wako tayari kuzama kiungwana. Katika maji yale sweta lisingemfaa kitu. Vazi lililokunjwa kwa ajili ya meza likawa sanda. Kauli ya bwana ingali inasimuliwa. Ya Giglio, aliyevaa na kuzama pamoja naye, haikunukuliwa.