Magogo Yalitangulia, Masofa Yakafuata

Hapa Masasi fenicha ya Kichina ikitajwa, wengi husema imewaua mafundi seremala kwa bei rahisi. Mimi ni seremala, kazi nimefundishwa na mjomba wangu wa Newala, na nashikilia kwamba habari hiyo huanziwa katikati. Kabla masofa ya Guangdong hayajajaa madukani kwetu, miti yetu ilikwisha kwenda huko.

Mjomba alitengeneza vitanda, milango na makabati ya mninga na mkongo. Mbao zilipasuliwa mabondeni, huku chini, maana juu kwao Newala ni mikorosho na vichaka. Wapasuaji walikuwa wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni. Kila kiungo mjomba alikichonga ulimi na tundu, akatia gundi. Kitanda chenye misumari alikiona aibu. Mpingo aliwaachia wachongaji wa vinyago, kwa sababu humaliza makali ya patasi, na kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini.

Misitu hiyo ya mabondeni ililindwa zaidi na ubovu wa njia kuliko sheria. Masika yakishika, Mto Rufiji ulitutenga na Dar es Salaam: magari yalilala kivukoni Ndundu yakingoja pantoni, na yaliyovuka yalinaswa na tope. Agosti 2003 likafunguliwa daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, hapa hapa Masasi. Tulilishangilia, na tulikuwa na haki. Ila wanunuzi wa magogo nao walilipitia.

China wakati huo ilikuwa na kiu ya mbao. Baada ya mafuriko ya Mto Yangtze ya 1998, ilizuia ukataji wa misitu ya asili katika sehemu kubwa ya nchi, na huku viwanda vyake vya samani vikizidi kupanuka. Mwaka 2000 ilitoa viwango rasmi vya mbao za samani za fahari, zile za mtindo wa enzi za Ming na Qing. Orodha ilikuwa na aina 33 za miti, na mpingo ukiwamo. Mafundi wa samani hizo nao huunga kwa ulimi na tundu. Wangekutana na mjomba wangu, wangeheshimiana.

Wafanyabiashara wa magogo waliokaa katikati yao hawakumheshimu yeyote. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya 2007 kuhusu misitu ya kusini ilionyesha kwamba kwa mwaka 2005, China iliandika kupokea mazao ya misitu ya Tanzania mara kumi ya yale tuliyoandika sisi kuwa tumeyauza. Fedha zilizopotea hivyo zingejenga shule na zahanati. Mninga mnene ukaadimika, mbao zikapanda bei, na makabati ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi yakakuta soko limeachwa wazi. Mkulima aliyelipwa korosho zake anataka kitanda wiki hii hii. Fundi asiye na mbao atamwambia nini?

Tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya mataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ni jambo jema, lakini dawa yenyewe iko vijijini. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kumiliki msitu wake, na vijiji vya Kilwa vimeshauza mpingo wao wenyewe, chini ya cheti cha kimataifa kilichopatikana mwaka 2009.

Naviomba vijiji vya Masasi na Nanyumbu vifanye hivyo, na katika kila mavuno vitenge fungu la mafundi wa wilaya kabla ya kumwita mnunuzi wa mbali. Vijana ninaowafundisha wanajua kuchonga ulimi na tundu. Wakipata mninga halali kwa bei wanayoimudu, watashindana na kiwanda chochote kwa kitanda ambacho mjukuu wa mteja atakilalia.