Orodha Inayoandikwa Mwisho

Mwaka 1982 Autodesk, kampuni changa ya Marekani iliyoanzishwa na John Walker na wenzake, ilianza kuuza AutoCAD kwa wenye kompyuta ndogo za mezani. Wasanifu majengo na wahandisi walikuwa wamezoea karatasi. Karatasi hulowa, huchanika, huungua pembeni, lakini kipande kilichobaki bado husomeka. Mchoro wa kompyuta haukuwapa nafasi hiyo: baiti chache zikikosekana mahali pabaya, faili nzima hugoma kufunguka, na kazi ya wiki tatu inakwenda na maji. Tangu hapo kumekuwa na watu ambao kazi yao, au angalau kipaji chao, ni kuifungua faili iliyogoma.

Wa kwanza walijifunza kutokana na udhaifu wa mfumo endeshi wa DOS. Mfumo huo ulimwaga data kwenye diski vipande vipande, kisha faili ilipofungwa ndipo ukaandika kwenye orodha ukubwa wake. Umeme ukikatika katikati, vipande vipo lakini orodha haivitambui. Kwa macho ya mwenye kazi, mchoro umetoweka au unaonyesha ukubwa wa sifuri. Kwa macho ya fundi, upo palepale, umekosa tu anwani.

Basi fundi aliandika CHKDSK /F, amri ya kukagua na kurekebisha diski, akakubali vipande visivyo na mwenyewe vigeuzwe kuwa faili, na kwenye diski zikajitokeza FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na nyinginezo, zote bila dalili ya nje ya kilichomo. Alizipitia moja moja. Faili ya AutoCAD huanza na herufi sita zinazotaja toleo lake, na kwa Release 12 ya mwaka 1992 herufi hizo ni AC1009. Akiziona mwanzoni mwa faili, alijua amepata kichwa cha mchoro. Alibadilisha jina liishie na DWG, kama majina ya michoro yote ya AutoCAD, akaipeleka kwenye amri ya RECOVER, akasubiri. Wakati mwingine mchoro ulirudi mzima. Wakati mwingine ulirudi na mapengo, ikabidi vitu vilivyopotea vichorwe upya.

Walioifuta faili kwa mkono wao wenyewe walikuwa na bahati zaidi. DOS haikufuta kitu kwa kweli: iliiondoa herufi ya kwanza ya jina la faili na kutangaza kwamba nafasi ile iko wazi. Norton Utilities ya Peter Norton, nayo ya mwaka 1982, ilikuwa na UnErase, iliyomwomba mtu aitaje tu herufi hiyo.

Watengenezaji wa programu walichelewa mno kulichukulia jambo hili kwa uzito. AutoCAD ilibakiza nakala ya BAK kila mchoro ulipohifadhiwa, na hilo limeokoa wengi. Lakini uhifadhi wake wa kiotomatiki, ule unaoandika faili ya SV$, katika miaka ya 1990 ulikuja ukiwa umepangwa kufanya kazi kila baada ya dakika 120. Saa mbili za kazi ni nyingi mno kwa mtu anayechora ngazi na mabomba. Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990, na haikuwa na uhifadhi wa kiotomatiki wa kurejesha kazi hadi toleo la CS6 mwaka 2012. Kwa miaka 22 wapiga picha na wabunifu wa matangazo waliachiwa wenyewe jukumu la kukumbuka Ctrl+S.

Hata wenye fedha na mitambo hawakunusurika. Mwaka 1998, studio ya Pixar ikiwa inatengeneza Toy Story 2, amri ya kufuta ilitolewa mahali pasipofaa kwenye kompyuta kuu, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kuyeyuka mbele ya macho ya waliokuwa kazini. Kanda za akiba zilipojaribiwa zikagundulika kuwa na kasoro. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, kwa kuwa nyumbani kwake palikuwa na kompyuta yenye nakala ya filamu. Waliifuata kwa gari na kuirudisha ikiwa imefungwa mablanketi. Nakala yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati kidogo, kwa hiyo watu walikaa wakilinganisha faili kwa macho, wakiamua ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Filamu ilitoka Novemba 1999.

Afrika Mashariki, programu iliyojaa kwenye maduka ya kuchapa kadi za harusi, mabango na kalenda ni CorelDRAW, iliyotoka Kanada mwaka 1989. Mgao wa umeme ulioikumba Kenya mwaka 2000 na Tanzania miaka ya 2006 na 2011 uliwafundisha madizaina kitu ambacho mwongozo wa programu haukusisitiza: nunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, na usiifute ile nakala ya mchoro ambayo jina lake huanza na Backup_of_.

Kuanzia toleo la X4 la mwaka 2008, faili ya CorelDRAW, yenye jina linaloishia na CDR, kwa ndani ni furushi la ZIP. Na ZIP ina udhaifu uleule wa DOS, maana orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni mwa faili. Flashi ikichomolewa kabla ya uandishi kumalizika, vilivyomo vipo, orodha haipo. Dizaina anayelijua hili hubadilisha CDR kuwa ZIP, akaifungua kwa WinRAR na kubonyeza Repair, ambayo hupitia furushi tangu mwanzo na kuunda orodha mpya kwa kusoma alama ya kila kipande. Kisha hulirudishia jina la CDR na kujaribu tena. Ikishindikana kabisa, ndani ya furushi hilo huenda kukapatikana picha ndogo ya mchoro, ile inayoonekana kwenye folda. Haifai kuchapishwa, lakini ikikuzwa huonyesha maandishi yalikaa wapi na rangi zilikuwa zipi, kiasi cha kutosha kadi kupangwa upya kabla mteja hajaja kuichukua.