Nani Kashika Swichibodi? Historia Fupi ya Simu za Ofisini

Tuseme una biashara yenye ofisi mbili, moja Dar es Salaam, nyingine Mwanza. Unataka mhasibu wa Dar abonyeze namba tatu tu, simu ilie mezani kwa mtunza stoo wa Mwanza. Inawezekana, tena kwa gharama ndogo. Ila kabla hujamwita fundi, turudi nyuma kidogo, maana swali utakalokutana nalo lina umri wa zaidi ya miaka 140.

Aprili 1877, Charles Williams wa Boston, Marekani, alivuta waya wa simu kutoka karakana yake hadi nyumbani kwake Somerville, kama kilomita 5 hivi. Sehemu mbili, waya mmoja, basi.

Shida huanza sehemu zikiongezeka. Ukitaka kila mmoja aungwe moja kwa moja na kila mwenzake, watu 3 wanahitaji nyaya 3, watu 10 nyaya 45, na watu 21 nyaya 210! Januari 1878, mjini New Haven, George Coy alifungua kituo cha simu cha kibiashara chenye wateja 21. Dawa yake ilikuwa kupeleka nyaya zote kwenye swichibodi moja, kisha opereta anaunganisha anayepiga na anayetafutwa.

Nyaya zikapungua, lakini akazaliwa mtu wa katikati. Na mtu wa katikati ana nguvu. Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City, inasimuliwa kwamba alishuku maopereta wanawapelekea washindani wake wateja waliokuwa wakimpigia yeye. Iwe kweli au la, mwaka 1891 alipata hataza ya swichi inayounganisha simu yenyewe, bila opereta. Mwaka uliofuata ikaanza kazi La Porte, Indiana.

Baadaye kampuni kubwa zikafunga swichibodi zao wenyewe ndani ya ofisi. Ila kuunganisha matawi mawili bado ulilazimika kukodi laini kwa kampuni ya simu, na unalipia hata siku ambayo hakuna aliyeongea.

Kilichobadilisha mambo ni sauti kugeuzwa namba. Katika simu ya kidijiti, sauti yako hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua biti 8. Zidisha: kilobiti 64 kwa sekunde. Namba hizo zikishafungwa kwenye paketi zinapita kwenye intaneti ileile inayobeba barua pepe zako. Mwaka 1999, kijana Mmarekani Mark Spencer, aliyekuwa anaanzisha kampuni na hana hela ya kununua swichibodi, akaandika yake kama programu ya kompyuta. Akaiita Asterisk na kuiacha huria. Leo kompyuta ya kawaida tu inaweza kuwa swichibodi ya ofisi zako zote mbili.

Kwa nini isikae hata Ulaya? Zamani intaneti yetu ya nje ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Sauti kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, na hapo watu huanza kukatana maneno. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM ikiwemo, zilifika Dar es Salaam na Mombasa, ucheleweshaji ukapungua sana. Ndiyo maana sasa kampuni za nje zinaweza kukukodishia swichibodi iliyoko mbali.

Sasa rudi kwenye ofisi zako. Swichibodi ikikaa Dar peke yake, umeme wa Dar ukikatika, hata watu wawili wa Mwanza waliokaa chumba kimoja hawapigiani. Ukikodi ya mbali, intaneti ikikata ofisi nzima inakuwa bubu, na kumbukumbu za nani kampigia nani ziko kwa mwingine. Ukiweka moja kila ofisi, kila upande unajitegemea, ila una mashine mbili za kutunza.

Kwa hiyo fundi akija na bei ya simu za mezani, muulize kwanza: swichibodi inakaa wapi, na funguo anashika nani? Strowger angeanza na swali hilohilo.