Anwani ya msingi (wavuti)

'''Anwani ya msingi''' ni anwani kamili ya intaneti ambayo kivinjari huitumia kukamilisha viungo vilivyoandikwa kwa ufupi ndani ya ukurasa wa wavuti. Viungo hivyo, kama vile ''picha/ramani.png'', huitwa viungo tegemezi kwa sababu havitaji jina la tovuti. Anwani ya msingi ikikosewa, picha hazionekani na viungo hufungua mahali pasipokusudiwa.

== Jinsi inavyopatikana ==
Kanuni zake zimo katika hati RFC 3986 ya Januari 2005, iliyoandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Utaratibu ni huu:
# Kwanza hutazamwa anwani iliyotajwa ndani ya ukurasa wenyewe. Katika HTML huandikwa kwa tagi ya ''base''. Zikiwepo tagi kadhaa, ya kwanza yenye anwani ndiyo hufuatwa.
# Isipokuwepo, na ukurasa umebebwa ndani ya hati nyingine, kama vile barua pepe, hutumika anwani ya msingi ya hati hiyo.
# Isipokuwepo hiyo pia, hutumika anwani ambako ukurasa ulipatikana. Kama seva ilimhamisha msomaji, huhesabiwa anwani ya mwisho, si ile aliyoiandika mwanzoni.
# Zote zikikosekana, programu hutumia anwani iliyojiwekea.

== Mfano ==
Tuseme anwani ya msingi ni ''https://www.example.com/masomo/historia/sura1.html''. Kivinjari huondoa yote yaliyo baada ya mkwaju (/) wa mwisho, kisha huunganisha kiungo:
* ''sura2.html'' huwa ''https://www.example.com/masomo/historia/sura2.html''
* ''../hesabu.html'' hupanda folda moja na kuwa ''https://www.example.com/masomo/hesabu.html''
* ''/picha.png'' huanzia juu kabisa na kuwa ''https://www.example.com/picha.png''

== Makosa ya kawaida ==
Anwani inayoishia ''/masomo'' ni tofauti na inayoishia ''/masomo/''. Katika ya kwanza neno "masomo" huondolewa kabla ya kuunganisha. Katika ya pili hubaki.

Kiungo kinachoanza kwa alama # kwa kawaida hubaki katika ukurasa uleule, lakini tagi ya ''base'' inaweza kukipeleka kwenye ukurasa mwingine.

Kurasa zikinakiliwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti, anwani ya msingi huwa ile ya faili. Viungo kama ''sura2.html'' huendelea kufanya kazi iwapo folda nzima imenakiliwa, lakini vinavyoanza kwa mkwaju hukatika.