Jina la Mchezaji: Esambayev na Mlima Kilimanjaro

Makhmud Esambayev, mcheza dansi, alizaliwa mwaka 1924 huko Starye Atagi, Chechnya. Mwaka 1944 Stalin aliwahamisha Wachecheni kwa nguvu hadi Asia ya Kati, na kijana huyo akajikuta Frunze, mji ambao leo ni Bishkek, akicheza katika jumba la opera la Wakirgizi. Baadaye alizunguka dunia na ngoma za mataifa mengine, za Kihindi na Kihispania zikiwamo. Mwaka 1974 akatunukiwa cheo cha Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kipaji. Nakisoma vingine. Dola ileile iliyowafukuza watu wake ndiyo iliyokuwa na majukwaa, kamera za filamu na vyeo vya kumtunza. Kipaji kilikuwa chake. Sifa ilihitaji pa kuhifadhiwa. Ndiyo maana, nikijiuliza kwa nini Wachaga wa Kilimanjaro hawana mchezaji wa zamani anayetajwa kwa jina kama yeye, naona swali si kama walijua kucheza, bali ni nani aliyetunza majina ya waliocheza.

Jibu jepesi ni kuwalaumu wamisionari. Ni kweli Waluteri wa Leipzig, waliofika mwaka 1893, waliitazama kwa shaka ngoma iliyofungamana na jando. Lakini misheni ilifika Usukuma pia, na huko mcheza ngoma Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, bado anatajwa hadi leo. Emmanuel Mbogo alimwandikia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1988. Usukumani vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukabiliana uwanjani baada ya mavuno, na umati huamua nani kashinda. Uwanja wa namna hiyo hauwezi kwenda bila majina. Mlimani ngoma ilikuwa ya rika na ya sherehe. Ushindani wenyewe ulihamia kwingine: shuleni, kwenye kwaya, na kwenye kahawa, iliyozaa chama cha wakulima cha KNPA mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933.

Kuna sababu ya pili, nayo naiona nzito zaidi. Vyombo vilivyopatikana havikuweza kubeba mguu. Bruno Gutmann, mchungaji aliyeishi miaka mingi Old Moshi, aliyakusanya mafundisho ya jando la Wachaga katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Ni hazina, ila ni hazina ya maneno. Kisha ikaja redio. Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu, alijulikana nchi nzima kwa sababu mapigo yake yalitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Mkono wake ulisikika hadi Rombo na Machame. Mchezaji hasikiki, na taifa lilijifunza kujisikiliza miongo mingi kabla ya kujitazama, maana televisheni ya Tanzania Bara ilianza miaka ya 1990.

Leo kizuizi hicho hakipo. Harusi yoyote mjini Moshi ina matarumbeta juu ya gari, ina kamera, na simu za wageni zimeinuliwa. Iringi, ngoma ya Wachaga, ikichezwa, hurekodiwa mara hamsini. Lakini katika rekodi hizo jina la bibi harusi limeandikwa kwa herufi za dhahabu, la mpiga picha lipo pembeni na namba yake ya simu, na la anayeongoza iringi halipo. Hapa hatuwezi tena kumsingizia Gutmann wala redio.