Bangi katika Mizani ya Tiba na Sharia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na dawa yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Jioni moja, baada ya sala ya Laasiri, alinijia barazani binti wa jirani, mama wa mtoto wa miaka sita mwenye kifafa. Mkononi ana kichupa. "Maalim," akasema, "haya ni mafuta ya bangi, nimeletewa kutoka nje. Nimeambiwa hayana madhara kwa kuwa ni mti tu, na kwamba matabibu wa Kiislamu wa zamani wakiyatumia. Nimpe mwanangu, au ni haramu?" Nikamwambia: "Mwanangu, leo usimpe. Nipe siku mbili nitazame vitabu." Niliyomjibu ndiyo haya, kwani najua si peke yake katika mji huu mwenye suala hili.

Kwanza tutazame jina. Neno bangi limetufikia kutoka Bara Hindi, kwa majahazi yale yale yaliyoleta nguo na mchele. Mwingereza Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika habari za watu wa huku waliokuwa wakiivuta kwa kiko cha buyu. Ama katika vitabu vya tiba vya Kiarabu, mmea huu huitwa qinnabu. Neno banji lililomo humo aghlabu ni mmea mwingine kabisa, wenye sumu kali. Basi ajihadhari anayefungua kitabu cha kale akaona "banji" akadhani ni bangi ya leo. Kosa la herufi moja laweza kuua mtoto.

Pili, ni kweli matabibu wetu waliijua. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya katika kitabu chake dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Aliiona qinnabu ya Kihindi kule Misri, ikiliwa na mafakiri. Akaandika kwamba dirhamu moja au mbili tu zinatosha kumlevya mtu, na kwamba waliozidisha wengine waliingia wazimu, na huenda wakafa. Akaeleza na namna ya kumtibu aliyezidisha: atapishwe kwa samli na maji ya moto. Tazama basi, tabibu huyu hakusema "ni mti tu." Alitaja uzito, akataja na hatari.

Kisa kilichonigusa zaidi alikiandika al-Badri, katika karne ya 15. Huko Baghdad alikuwako mtu mwenye kifafa, mwana wa mkubwa mmoja wa baraza la Khalifa. Alipewa majani ya bangi, na kifafa kikamwondoka. Lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kukaa bila ya bangi. Ndugu msomaji, kisa hiki kina dawa na kina pingu, vyote katika jani moja.

Kwa ajili hiyo wanachuoni hawakulegeza kamba. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliiharamisha hashishi kwa ukali. Al-Zarkashi wa Cairo, aliyefariki 1392, naye ni katika wafuasi wa Imam Shafi'i kama wengi wetu hapa Unguja, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake. Hata hivyo Imam Nawawi, aliyefariki 1277, ambaye Minhaji yake husomeshwa katika darsa zetu, aliona ni sahihi kumpa mgonjwa kitu cha kuondoa akili panapolazimu kukatwa mkono unaooza. Starehe ni mlango mmoja, na haja ya mgonjwa ni mlango mwingine. Na haja hupimwa kwa kadiri yake.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Mwaka 1839 daktari O'Shaughnessy wa Calcutta alieleza alivyoitumia bangi kwa pepopunda, baridi yabisi na degedege la mtoto mchanga. Dawa hiyo ikaenea Ulaya. Kilichoiangusha ni nini? Pamoja na mkataba wa Geneva wa 1925 ulioibana bangi, sababu kubwa ilikuwa kwamba chupa hii ilikuwa na nguvu na ile haina, na daktari hakujua anampa mgonjwa kiasi gani. Mwaka 1932 Waingereza wakaiondoa katika orodha yao ya madawa. Ilikosa mizani.

Mizani imepatikana katika zama zetu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyosafishwa kutokana na mmea huu, isiyolevya, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Hutolewa kwa uzito wa mtoto, na daktari huchunguza ini lake, kwani dawa hii hugongana na dawa nyingine za kifafa. Huko ni mbali na kichupa kisichojulikana kilichomo, na mbali zaidi na msokoto wa kichochoroni, ambao sheria ya Zanzibar imeukataza.

Wala jambo hili si geni kwetu. Pale Kidongo Chekundu, tangu 2015, vijana walioathirika na heroini hunywa methadoni mbele ya mhudumu, kwa kipimo, siku baada ya siku. Ile ile inayotibu hapo, ikiuzwa mtaani ni sumu. Tofauti ni mkono unaotoa na kipimo kinachotolewa.

Basi nikamwambia yule binti: "Manufaa Mwenyezi Mungu ameyaumba, na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, imekiri kuwa ulevi una manufaa lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Kichupa hiki mpelekee daktari, na dawa anazokupa usiziache hata siku moja." Alikwenda. Daktari akamwambia kuwa hajui kilichomo, wala hakumpa mtoto. Akambadilishia kipimo cha dawa yake ya zamani. Degedege limepungua, halijakwisha. Mama yake bado anakesha, nasi tunamwombea.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuhifadhie akili za vijana wetu. Amin.