Nyumba ya Pembe Nne Ilivyofika Ujiji

Wasikilizaji, leo twataka kueleza habari ya umbo ambalo wengi wetu hulala ndani yake kila usiku, wala hatulifikiri: nyumba ya pembe nne.

Zamani Waha walijenga nyumba za msonge, za mviringo, zilizoezekwa nyasi. Wala haukuwa ujinga. Twaa kamba ya hatua 40 uizungushe mviringo: itafunga hatua za mraba 127 hivi. Ifanye mraba, kila upande hatua 10: utapata 100. Ifanye mstatili wa hatua 15 kwa 5: utapata 75 tu. Basi kwa urefu ule ule wa ukuta, mviringo hushinda maumbo yote kwa nafasi.

Mbona basi pembe nne zilishika Ujiji? Sababu ni biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika ziwani kutafuta pembe za ndovu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanya biashara. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone mjini humo, akakaa naye barazani pa tembe. Mfanya biashara alihitaji vyumba vya kuwekea nguo, shanga na pembe. Misonge miwili ikikaribiana, huacha nafasi ya bure katikati. Lakini vyumba vya pembe nne hushirikiana ukuta mmoja, na chumba kingine chaweza kuongezwa ubavuni.

Walakini umbo hili lina hila yake. Fundi hupigilia mambo manne, akapima pande. Pande zinazoelekeana zikiwa sawa, mwanafunzi husema, "Kazi imekwisha." Sivyo! Hapo amepata msambamba tu, nao waweza kuwa umelala upande kama boma lililosukumwa na upepo. Hata pande zote nne zikiwa sawa, si lazima uwe mraba.

Basi fundi mwenye akili hunyosha kamba toka pembe moja hata pembe ya pili inayoielekea, kisha hupima ulalo wa pili. Kamba zikilingana, pembe zote ni za mraba, na nyumba ni mstatili wa kweli. Zisipolingana, husogeza mambo, asibadili urefu wa pande, hata zilingane. Na pande nne zikiwa sawa, na kamba mbili nazo sawa, huo ndio mraba.

Asiyepima huadhibiwa na paa. Tazama paa la migongo minne juu ya nyumba ya mstatili: migongo miwili mirefu ni trapeza, yaani pande mbili tu ndizo sambamba, ya juu fupi na ya chini ndefu, migongo miwili ya vichwani ni pembetatu. Msingi ukienda upande, migongo hailingani. Nyasi husamehe kidogo, kwa kuwa hukatwa na kupindwa. Bati halisamehi: lenyewe ni mstatili, na juu ya nyumba iliyopotoka huacha pengo, na mvua huingia.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, kabla ya kuchimba msingi, pimeni pande nne, kisha pimeni kamba mbili. Kamba ni bei rahisi kuliko ukuta wa kubomoa.